Ukucha Usiotoa Damu

Majibu yalitoka Jumanne asubuhi, lakini daktari hakuanza na majibu. Alivuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akakileta upande wa pili, akakaa karibu na Baba kiasi kwamba magoti yao yalikaribia kugusana. Msasa, bintiye Baba, alikuwa amesimama ukutani, maana chumba kilikuwa na viti viwili tu. Alipoona kile kiti kinavutwa, akajua. Mwenye habari njema hukuambia kutoka pale pale alipo. Huyu alikuwa amesogea ili mtu asianguke peke yake.

"Naomba mkono, mzee wangu. Wa kushoto."

Baba akautoa. Ulikuwa mkono mkubwa, mkavu, wenye makovu madogo madogo ya patasi na msumeno, mkono wa mtu aliyeanza useremala kabla ndevu hazijamwota. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi kutoka kwenye shina hadi ncha, na ule weusi ulikuwa umeanza kuvuka mpaka, ukaingia kwenye ngozi.

"Ni saratani," daktari alisema bila kuzunguka, ila kwa sauti ya chini. "Saratani ya ngozi."

Baba akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekabidhiwa kitu kisicho chake. "Ngozi? Daktari, ngozi yangu haina neno. Ulioharibika ni ukucha."

"Chini ya ukucha kuna ngozi, mzee. Ndipo ilipoota."

"Lakini hii ni nyundo tu. Seremala asiye na ukucha mweusi, huyo ni karani."

Daktari akatabasamu, wala hakumkatiza. Akasubiri mpaka lile cheko limalizike lenyewe, ndipo akaeleza. Damu iliyovilia kwa kugongwa, alisema, husafiri. Ukucha ukikua, nayo inasogezwa mbele, mpaka siku moja unaikata na wembe unaitupa. Hii haikusogea. Imekaa palepale miezi yote, ikinenepa. Kwa hiyo kidole kitabidi kikatwe, kile kipande chote chenye ukucha, hadi kwenye kiungo.

Kisha akamwambia Baba afungue shati, akapitisha vidole kwapani, polepole, macho yake yakiwa dirishani kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. "Hapa hakuna kitu," akasema. "Hilo ni jambo zuri. Ndiyo maana nataka tuwahi. Alhamisi ya wiki ijayo."

Baba akafunga vifungo vyake kimoja kimoja.

"Swali moja," daktari akasema, kalamu mkononi. "Ukucha huu uliwahi kutobolewa?"

Msasa akatazama sakafu. Sakafuni kulikuwa na kigae kimoja kilichopasuka, na yeye akakikazia macho kile kigae utafikiri ndicho kilichoulizwa.

"Mambo ya kazini hayo," Baba akajibu. "Nani atakumbuka kila nyundo?"

Daktari akaandika alichoandika, na wao wakatoka.

*

Msasa halikuwa jina lake. Baba alimpachika tangu utotoni, kwa vile alikuwa akishinda kwenye karakana akiokota vipande vya msasa vilivyochakaa na kulainisha kila kitu alichokikuta, hata miguu ya benchi. Alikuwa kitinda mimba. Kaka yake alihamia mbali kikazi, mama yao alifariki miaka minne iliyopita, na yeye akabaki na Baba, nyumbani na kazini. Baba na fundi mwenzake waliunda, Msasa akasugua na kupaka vanishi. Huyo fundi mwenzake walimwita Kimya, kwa sababu tangu aajiriwe, miaka ishirini na kitu, mdomo wake haujawahi kupumzika.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Mtu akijigonga nyundo, damu hujikusanya chini ya ukucha, kidole kikawa kinadunda, usingizi hauji. Hakuna aliyekwenda hospitali kwa ajili hiyo. Ilichukuliwa sindano, ikashikwa kwa koleo, ikapashwa moto kwenye jiko la kuyeyushia gundi mpaka ikawa nyekundu, kisha ikaguswa juu ya ukucha. Haikuhitaji kusukumwa. Ilipenya yenyewe, kwa harufu ya nywele zilizoungua, na damu ikaruka. Maumivu hukatika papo hapo. Waliopo wote hupiga makofi na kupaza sauti: "Amejifungua!"

Kazi hiyo ilimwangukia Msasa tangu alipokuwa na miaka kumi na saba, kwani mkono wake haukutetemeka. Mafundi wa karakana za jirani nao walimjia, vidole vimevimba, nyuso zimekunjamana, wakimwita mkunga. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ametoboa kucha zisizo na idadi, na kila ukucha ulitoa damu, au kama umechelewa, ulitoa yale maji ya rangi ya chai.

Isipokuwa mmoja.

Ilikuwa miezi tisa kabla ya siku ile ya majibu. Baba alimjia na kidole gumba, akasema, "Hebu nitoboe hapa. Nadhani nilijigonga." Hilo neno nadhani lilimshangaza Msasa hata wakati ule. Hakuna anayejigonga gumba kwa nyundo akabaki na shaka. Akamuuliza kama panauma. Hapaumi. Akapasha sindano, akagusa, moshi mwembamba ukapanda, tundu likafunguka. Halikutoka tone. Kimya alikuwa ameshanyanyua mikono ili apige makofi, ikabaki hewani. Baba akafuta lile tundu, akalitazama, akasema, "Imeshaganda hii. Imekaa muda." Msasa akairudisha sindano kwenye kopo lake.

Alijua. Hakujua ni nini, lakini alijua kwamba kilichomo mle ndani si damu. Jioni ile alitaka kusema, kukawa na vanishi isiyotaka kukauka. Kesho yake akasahau, au alijilazimisha kusahau. Na siku zikiwa nyingi, jambo usilolisema siku ya kwanza linakuwa zito kulisema siku ya kumi. Walikwenda kupima pale tu weusi ulipoanza kuingia kwenye ngozi.

Kwa hiyo alipotoka kwa daktari, Msasa alikuwa amebeba mizigo miwili. Mmoja ulikuwa wa Baba. Mwingine ulikuwa wake mwenyewe, na ndio uliomfunga mdomo.

*

Alhamisi ilipofika, Baba aliamka, akaoga, akavaa shati lake jeupe la safari. Msasa alikuwa ameandaa mfuko: kanga, sabuni, chupa ya chai, karatasi za hospitali. Wakakaa sebuleni. Baba akanywa chai, akaiweka. Akafunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena.

"Ile milango ya shule," akasema hatimaye. "Kumi na mmoja tumeagizwa, mpaka sasa ni saba. Watoto wa ile shule wanasoma upepo unawapiga. Nikiisha kukatwa hiki kidole, msumari nitaushika na nini? Nimalize kwanza milango."

Binti mwingine angesema, Baba, twende. Angemshika mkono amwinue. Msasa alifungua mdomo, akaiona ile sindano akilini, akaufunga.

"Sawa, Baba," akasema.

Wakaenda karakana. Baba alivua shati jeupe akalitundika kwenye msumari, na likakaa pale siku nyingi likipigwa vumbi la mbao.

Muuguzi wa kitengo cha daktari yule alipiga simu mchana wake. Hakufoka. "Tumemkosa mzee leo," alisema. "Mwambie nafasi ipo, asiogope. Wengi huogopa." Wiki iliyofuata akapiga tena, na safari hii alipiga kwa simu yake mwenyewe, Msasa aliiona namba. Kaka naye akapiga kutoka huko aliko, na yeye hakuwa na upole wa muuguzi.

"Wewe si uko naye hapo? Mbona humpeleki?"

"Amesema amalize milango."

"Milango! Angekuwa mtoto wako ungemwacha amalize kucheza? Sema tu kwamba unamwogopa."

"Simwogopi."

"Basi unangoja nini?"

Msasa akakata simu, akarudi kwenye vanishi.

Na ile milango haikuisha. Wa nane ulikamilika, Baba akaulaza tena kwenye benchi akaupiga randa. Akausimamisha, akauzunguka, akaulaza. Maranda yakawa yanaanguka membamba kama karatasi, hayana kazi yoyote. Kimya akavumilia siku mbili. Siku ya tatu akasimama, mikono kiunoni.

"Mzee, mlango huu naujua toka ukiwa mnene. Ukiendelea hivi watoto wale tutawapelekea dirisha."

"Una mawimbi," Baba akasema.

"Mawimbi yako wapi? Hata inzi akitua hapa anateleza."

Baba akaendelea kupiga randa. Msasa alimtazama mgongo. Alimwona jinsi alivyokuwa akikishika kile chombo, kidole gumba akikikunja ndani ya kiganja, mbali na macho yake mwenyewe. Ndipo alipoelewa kwamba Baba hakuwa akingoja milango iishe. Alikuwa akiomba isiishe.

Usiku Msasa hakulala, asubuhi akapika uji ukamuungulia. Baba akaunywa wote, akasema ni mtamu.

*

Jumamosi iliyofuata Kimya alikuwa akigongomea fremu ya mlango wa tisa, akisimulia habari ndefu ya shemeji yake na mbuzi, pale nyundo ilipoukosa msumari.

"Mama yangu mzazi!" Akaitupa nyundo, akarukaruka, akaitukana nyundo na kiwanda kilichoitengeneza na aliyegundua chuma. Alipotulia, kidole chake cha shahada kilikuwa kimeshajaa. Akamjia Msasa amekinyoosha mbele kama mshumaa.

"Mkunga, uchungu umenishika. Fanya haraka."

Msasa akachukua kopo. Akaitoa sindano, akaibana kwa koleo, akaiweka kwenye moto wa jiko la gundi. Ikawa nyekundu. Akageuka, akamshika Kimya kidole, na hapo koleo likaanza kucheza. Mkono ule ambao haujawahi kutetemeka ulikuwa unatetemeka mpaka kwenye bega.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini? Ukucha wangu umekukosea nini?"

"Nenda hospitali."

"Hospitali? Kwa ukucha? Niwaambie nini, kwamba mkunga wetu amegoma?"

"Nenda hospitali, nimekwambia!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Sindano ikaanguka ndani ya maranda, na Kimya, kwa mshangao wake wote, akawahi kuikanyaga isije ikaunguza karakana.

Baba akaweka randa chini. Akaja, akaiokota sindano, akaipasha upya bila kusema neno. Koleo akalishika kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto akakishika kidole cha Kimya, akakikandamiza kwenye ukingo wa benchi kwa kile kidole gumba chake cheusi ili kisitoroke. Akagusa.

Damu iliruka ikalifikia shati la Kimya.

Kimya akafungua mdomo apige ukelele wa siku zote. Akaziona nyuso zao, akaufunga. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na kitu, jina lake lilimfaa.

Ile damu iliendelea kutiririka juu ya benchi, nyekundu, nyingi, ya mtu mzima asiye na tatizo. Wote watatu waliitazama.

"Baba," Msasa akasema. "Wako haukutoa."

"Najua."

"Nilikutoboa, haukutoa hata tone."

"Najua, mwanangu. Si kidole kilikuwa changu? Nilikuwa natazama." Akalilaza koleo taratibu. "Mimi nimetobolewa kucha tangu wewe hujazaliwa. Nilijua kabla sindano haijapoa."

"Sasa mbona ulisema imeganda?"

Baba akavuta kigoda akakaa. Ghafla alionekana mzee, mzee kuliko miaka yake sitini na mitatu. "Nilitaka wewe uamini. Nikasema, akiamini yeye, na mimi nitaamini. Wiki kumi na moja nilikaa na mama yako kwenye jengo lile. Kila asubuhi wanakwambia tutaona. Harufu ya pale ilichukua mwaka kunitoka puani. Nikajiambia, ngoja kwanza nipumue. Mwezi mmoja. Halafu mwingine."

"Na mimi niliona," Msasa akasema. Machozi yalikuwa yanashuka, hakuyafuta. "Niliona nikanyamaza. Daktari alipouliza nikatazama chini. Siku ile ya Alhamisi nilikuwa nikuinue pale kitini, nikakosa uso. Kila nikitaka kukwambia twende, naiona sindano."

"Ulidhani umeniua."

Msasa akaitikia kwa kichwa.

"Kumbe tulikuwa wawili," Baba akasema. "Mimi nilidhani nimekuficha wewe, na wewe ulidhani umenificha mimi. Miezi tisa na zaidi tunakula sahani moja." Akatikisa kichwa. "Njoo hapa."

Msasa akamwendea, akapiga magoti kwenye maranda, na Baba akamwekea mkono kichwani, ule mkono wa kushoto ambao kwa wiki kadhaa alikuwa akiuficha.

Kimya alikuwa amesimama pembeni, amekishika kidole chake juu, damu ikimshuka hadi kwenye kiwiko. "Samahani, jamani," akasema polepole. "Mimi bado nipo hapa."

Msasa akacheka katikati ya kilio, akachana kitambaa akamfunga.

"Milango iliyobaki ni yangu," Kimya akasema huku akifungwa. "Mzee, usinitazame hivyo. Nina vidole tisa vizima. Nitaigonga hata kwa meno." Kisha akachukua ufagio, akaanza kuzoa yale maranda yote ya mlango wa nane, kazi ambayo haikuwa zamu yake wala hakuwa ameombwa, na alizoa mgongo umewageukia mpaka walipomaliza kujifuta.

"Jumatatu," Msasa akasema. "Tusingoje watupigie. Jumatatu tunakwenda, hata kama hatumo kwenye daftari. Tutakaa kwenye benchi mpaka watuchoke."

Baba akatazama mlango wa nane. Ulikuwa umenyooka, laini kabisa, hauna pa kuguswa tena.

"Jumatatu," akasema.

*

Walifika kabla malango hayajafunguliwa. Yule muuguzi wa simu aliwatambua kwa kuuliza jina, wala hakusema mlikuwa wapi. "Karibu, mzee," alisema. "Kila wiki nimekuwa nakuachia mstari mmoja mtupu." Akawaonyesha daftari. Kweli, ulikuwepo mstari mtupu.

Daktari akakitazama kidole. Akamwambia Baba afungue shati, akapitisha vidole kwapani kama mara ile, macho dirishani. Vidole vikapita. Vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikakaa.

Msasa aliona macho yakitoka dirishani.

"Tezi imevimba hapa," daktari akasema. "Mzee, unaihisi?"

"Kama harage," Baba akasema.

"Haikuwa hivi mara ya kwanza."

Msasa alikuwa akihesabu. Jumanne ile ya majibu hadi Jumatatu hii, wiki tano kasoro siku moja. Alihesabu mara mbili akitumaini kwamba amekosea.

"Tutaliondoa pamoja na kidole," daktari akasema. "Keshokutwa."

Jumatano Msasa alikaa kwenye ushoroba wa chumba cha upasuaji tangu saa mbili. Alikaa bila kusoma wala kula, ameikumbatia kanga yenye shati la Baba na saa yake ya mkono. Mtu wa usafi alikuja na ndoo, akadeki ushoroba mzima, na alipofika kwake Msasa akataka kuinuka. "Kaa tu, dada," akamwambia. "Nitakuzunguka." Akadeki kuzunguka viatu vyake kwa uangalifu, tone lisimguse, akaendelea na safari yake. Msasa alilikumbuka hilo kwa muda mrefu baadaye, kuliko mambo mengi makubwa aliyoambiwa mle ndani.

Baba alitolewa saa sita, mkono umefungwa bandeji mpaka ukafanana na rungu. Siku ya tatu wakabadilisha bandeji mbele yake, akakitazama kile kilichobaki, kimeshonwa kwa nyuzi nyeusi.

"Kumbe kafupi hivi," akasema. Kisha akaongeza, "Kimya asikione kwanza. Atakitungia habari mwaka mzima."

Alijikaza mchana kutwa. Kilichomshinda kilikuwa vifungo. Jioni alitaka kuvaa shati mwenyewe, akahangaika na kifungo cha kwanza, mkono mmoja, jasho likamtoka, na alipokikosa mara ya sita akaketi kitandani shati likiwa wazi, akalia bila sauti. Msasa alipiga magoti mbele yake akamfunga vifungo kuanzia chini kwenda juu, taratibu, ili akifika cha shingoni Baba awe amemaliza kulia. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani akajifanya amelala.

*

Majibu ya harage yalikuja baada ya wiki mbili. Karakanani Kimya alikuwa amemaliza mlango wa kumi na moja na yote ilikuwa imeshapakiwa garini kwenda shuleni. Hilo Baba alilisikia kwenye simu, akaitikia, "Vizuri," basi.

Daktari aliwaambia yote kwa pamoja. Kidole kinapona vizuri, kingo za palipokatwa hazina saratani. Harage lilikuwa na saratani. Picha ya kifua ilionyesha vidoa viwili kwenye pafu la kulia, vidogo, lakini vipo.

Msasa aliyasikia maneno yale kama mtu aliye chini ya maji. Ndipo akauliza swali alilokuja nalo.

"Daktari, ile sindano. Nilimtoboa mimi. Miezi tisa kabla ya yale majibu ya kwanza."

Daktari akamgeukia. "Sindano haikuleta ugonjwa huu, dada. Hilo nalijua kwa hakika, nawe ulijue."

"Na tungekuja ile Alhamisi?"

Daktari aliizungusha kalamu. "Sijui," akasema. "Nikikwambia ingekuwa vilevile, nitakuwa nakudanganya. Nikikwambia ingekuwa tofauti, pia nitakuwa nakudanganya."

"Lakini harage halikuwepo."

"Halikuwepo."

"Kwa hiyo..."

"Mwanangu," Baba akasema. "Mwache daktari. Na yeye ana nyumbani pa kurudi leo."

Daktari akainamisha kichwa. Kisha akaeleza kilichobaki. Kuna dawa ya dripu katika hospitali kubwa, mwendo wa saa nane kwa basi, kila baada ya wiki tatu, pengine mwaka, pengine zaidi. Kwa wengine huuzuia ugonjwa. Kwa wengine haifanyi kitu, na uchovu wake ni mkubwa.

"Nikikataa?" Baba akauliza.

"Nitakupa dawa za maumivu, na nitakuona kila utakapokuja."

"Nikikubali?"

"Nitakuona vilevile."

Baba akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyepewa vipimo. Nje kuna mtu alikuwa akiita majina ya wagonjwa, jina baada ya jina. Baba akamgeukia binti yake.

"Sema," akamwambia.

Msasa alikuwa na jibu tayari mdomoni, kwamba lolote utakaloamua, Baba, mimi niko nawe. Ni jibu zuri, lenye adabu. Lilipofika kwenye meno akalitambua. Lilikuwa kunyamaza kulekule, ila limevaa nguo safi.

"Nataka uende," akasema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Najua itakuchosha. Najua huenda isisaidie. Najua humo mna ile harufu. Nataka uende, na kila safari nitakuwa kwenye kiti cha pembeni yako. Ndivyo ninavyotaka mimi. Ukikataa nitalia, lakini nimeshasema."

Baba alimtazama usoni.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Pembeni, yule muuguzi alikuwa ameshafungua daftari. Akapitisha kidole kwenye mistari. "Nafasi iliyopo kule hospitali kubwa ni Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili."

"Hakuna ya kabla ya hapo?" Baba akauliza.

"Ipo ya Ijumaa, mzee, ila ni alfajiri sana. Itabidi mlale njiani."

"Na kabla ya Ijumaa?"

Muuguzi akainua macho, akamtazama daktari. Daktari akaitikia kwa kichwa. Msasa alikuwa ameukamata mkono wa Baba, ule wenye bandeji, na hakuwa na habari kwamba ameukamata. Muuguzi akalamba ncha ya kidole, akaanza kufunua kurasa kurudi nyuma.